Kulia, Kushoto, Kulia Tena

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi nzima kwenye ubao wa shule ya udereva. Barabara za kuchorwa, raundiabauti ya rangi nyeupe, vigari vya watoto. Kila mwanafunzi anasukuma chake huku anaimba: nikifika makutano nasimama, natazama kulia, kushoto, kulia tena, barabara ikiwa wazi naingia. Wanaimba kama kwaya ya kanisa. Nataka wakariri mpaka waote. Mtahini hana subira na mtu wa kufikiriafikiria.

Nikawapa ile yangu ya kila siku. Barabarani geuza kichwa mpaka mtahini akuone. Kulia chap, kushoto chap, kulia chap. Usipogeuza kichwa anakuangusha, hata kama umeona mpaka Nairobi. Wakacheka. Hapo hucheka kila mara.

Mchana, Mama Gakii. Mjane wa Kiirua, mkulima wa viazi. Mumewe alimwachia pikap, na mpaka leo imefunikwa turubai kwa sababu hakuna wa kuiendesha. Gia ikikwaruza anaiambia pole. Anaiambia gia! Nikamwambia mama, gia haisikii. Akasema, "Mwalimu, nani ajuaye." Lakini anaendelea vizuri. Mkono mtulivu. Ananiuliza mno tu. Kila makutano, "Mwalimu?" Hasogei mpaka niseme twende.

Ameomba Alhamisi tufanyie kwao Kiirua, kwa ile barabara atakayotumia na mzigo. Nimekubali. Mvua ikianza anataka awe anabeba mbegu mwenyewe.

Mgongo unauma. Kiti cha abiria kimekwisha sponji.

Alhamisi, 6 Machi

Nimegonga mtu.

Hapana. Gari la shule limegonga mtu, na usukani ulikuwa kwa Mama Gakii. Tazama nilivyoanza kupanga maneno hata hapa ambapo hakuna wa kunisoma.

Niandike ilivyokuwa. Tulitoka kwa ile barabara ya vumbi inayoingia lami ya kwenda Nanyuki. Akasimama vizuri, breki ya mkono, kila kitu. Akasema, "Mwalimu?" Nikatazama kulia, kushoto, kulia tena. Wazi kabisa. Nikasema twende. Akaachia klachi. Na pikipiki ikawa mbele yetu. Haikuja, ilikuwa tu. Mguu wangu ulifika kwa breki ya pili, ile ya mwalimu, baada ya mlio.

Kijana alirushwa mpaka kwenye mtaro. Murithi, wa bodaboda, mwenyeji wa Kianjai. Mguu umevunjika vibaya. Anapumua, anaongea. Asante Mungu.

Sasa lile lingine. Afisa wa trafiki alikuja, watu wamejaa, wengine wanataka kutuchapa. Akaniuliza mimi kwanza. "Mwalimu, ulimruhusu aingie?"

Nikasema, "Aliingia mwenyewe."

Sikulipanga. Lilitoka lenyewe. Mama Gakii alikuwa hapo hapo karibu nami, leso imeziba mdomo. Alisikia. Alinitazama tu. Alipoulizwa yeye akasema hakumbuki vizuri.

Sijala. Mke wangu Nkatha ameniwekea chakula, nimemwambia tumbo.

Ijumaa, 7 Machi

Bwana Gitonga, mwenye shule, amenipigapiga bega. Ati nilisema vizuri. Ati mwanafunzi akiingia bila ruhusa shule iko salama, lakini mwalimu akimwambia ingia, hapo ndiyo tungefunga milango. Kawanunulia walimu wote soda.

Nilikunywa yangu. Ikapita kooni kama mafuta ya taa.

Kimathi, mwalimu mwenzangu, akauliza, "Kwani yule mama hakukuuliza? Si huuliza kila mahali?" Nikajifanya napokea simu.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani mchungaji alitaja ajali. Akaomba watu wamshukuru Mungu kwa kunilinda, mimi, kwa jina. Nikaitwa nisimame. Nikasimama. Kanisa zima likapiga makofi, mama mmoja akapiga vigelegele. Nilitabasamu. Nina aibu mpaka kwenye kucha.

Hakuna aliyemwombea Mama Gakii. Walisema "yule mwanafunzi."

Jumatatu, 10 Machi

Nilienda hospitali kumwona Murithi. Nilibeba machungwa na maziwa lala. Mguu umening'inizwa. Mama yake alikuwa hapo, anamkuna mgongo kwa kijiko. Alinishukuru kwa kuja. Alinishukuru!

Nilitaka kusikia kwamba alikuwa anakimbia. Niandike bila kujipamba. Nilienda nikitumaini kijana atasema nilikuwa kasi, mwalimu, nilikuwa kwa simu, nisamehe. Ningemsamehe pale pale.

Akasema, "Mwalimu, si ulinitazama? Nilikuona ukinitazama. Macho kwa macho. Nikajua huyu ameniona, ndiyo maana sikupunguza."

Nikamenya chungwa.

Hakunionea. Hana hata hasira. Anataka tu kujua inawezekanaje mtu akutazame hivyo halafu akuingilie barabarani. Na mimi nataka kujua hivyo hivyo. Nilitazama. Naapa nilitazama. Nikifumba macho naiona ile lami, tupu, jua juu yake, mpaka kule kwenye mti. Haina pikipiki. Sasa nani mwongo kati yangu na yeye?

Jumanne, 11 Machi

Mambo yameongezeka.

Mugambi alifika shuleni. Ni shemeji ya Mama Gakii, ndugu mdogo wa marehemu. Kofia, kalamu mfukoni, mtu wa kuongea kama yuko kwa mkutano. Ati Jumamosi familia inakaa. Pikap haiwezi kuendelea kulala chini ya turubai na mwanamke anagonga watoto wa wenyewe. Ataichukua yeye, atabeba viazi vya kila mtu, na huyo mama atapewa chake. Chake kipi, hakusema. Kila mtu Kiirua anajua Mugambi akishika kitu hakirudi. Bila pikap mama atauzia madalali shambani kwa bei yao, kama miaka yote ile.

Akaniuliza waziwazi. "Wewe ndiye mwalimu. Sema ukweli wa Mungu. Huyu mama anaweza gari?"

Yule mama anaweza gari kuliko nusu ya wenye leseni mji huu.

Nikasema, "Bado kidogo."

Akafurahi. Akanialika Jumamosi nikaseme maneno hayo hayo mbele ya wazee wao. Nikakubali! Kwani mimi ni mtu wa aina gani? Mara mbili sasa. Ya kwanza ningesema ni mshtuko. Hii ya leo nilikuwa nimeketi kwa kiti na kikombe cha chai mkononi.

Nimemwambia Nkatha kesho naenda Embu kumwona dada. Kweli nitapita kwa Kagendo, Kibugu. Lakini kwanza naenda kupimwa macho. Sitaki kupimwa hapa Meru. Mtu akiniona kwenye foleni ya macho habari itafika shuleni kabla yangu.

Jumatano, 12 Machi

Embu mjini. Kliniki ndogo ya macho, foleni ya wazee na mimi.

Niliomba Mungu niwe na mtoto wa jicho. Nimeandika na sifuti. Niliketi kwenye lile benchi la plastiki nikiomba niwe kipofu kiasi, jicho la kulia likiwezekana. Mtu mgonjwa halaumiwi. Nilikuwa tayari nimeshajiona nikirudi Meru na miwani mizito, watu wakinisikitikia.

Daktari Kanana alinipima kila kitu. Herufi mpaka za chini kabisa. Taa ndani ya jicho. Vidole pembeni. Akasema, "Mzee, una macho ya kijana. Hongera."

Nilikaribia kulia. Akafikiri ni furaha.

Basi nikamwambia. Si yote. Nilimwambia nilitazama barabara, sikuona pikipiki, na mwenye pikipiki anasema nilimtazama machoni. Nikategemea atanicheka. Hakucheka. Akauliza nilitazama vipi. Nikamwonyesha, vile nafundisha: kulia chap, kushoto chap, kulia chap.

Akaniambia, "Hapo kwa hiyo chap ndipo hukuona."

Alivyoeleza ni hivi, naandika nisisahau. Macho hayatelezi juu ya vitu kama kamera ya harusi. Yanaruka. Yanatua mahali, yanaruka, yanatua kwingine. Ni yakiwa yametua ndiyo yanaona vizuri. Wakati yanaruka ubongo unazima karibu habari yote ya macho, kwa sababu isipozimwa dunia nzima ingekuwa inavurugika kila ukigeuka, ungekuwa unatapika. Ni muda mfupi sana, huwezi kuusikia. Na huusikii kwa sababu ubongo haukubali kuacha nafasi tupu. Unachukua picha ya pale macho yalipotua, unazibia nayo, halafu unakuambia umeona yote. Kwa hiyo mtu hawezi kujua kuna mahali hakuona. Anaona barabara nzima. Sehemu nyingine ameona, nyingine ameshonewa.

Na kadiri unavyorusha macho mbali na kwa haraka, ndivyo kiraka kinavyokuwa kikubwa. Lori halitoshei kwenye kiraka. Pikipiki inatosha, hasa ikiwa karibu na ile nguzo ya kioo cha mbele.

Nikauliza, na yule kijana? Kwamba macho yetu yalikutana?

"Uso wako ulimgeukia," akasema. "Macho yalikuwa safarini."

Nikauliza kama ni ugonjwa. Akasema hapana, ni watu wote, hata yeye. Dawa yake ni kutotazama kwa kufagia. Geuza kichwa, simamisha macho mbali, simamisha katikati, simamisha karibu. Polepole.

Miaka yote nimewafundisha watu wazungushe kichwa kwa ajili ya mtahini. Si kwa ajili ya barabara. Kwa ajili ya mtahini aone kichwa kikigeuka. Wangapi wako huko nje sasa hivi na hiyo chap yangu?

Alhamisi, 13 Machi. Kibugu

Nimelala kwa Kagendo. Baridi ya huku si ya mchezo, msitu uko hapo juu tu na ukungu unashuka mpaka kwenye majani chai. Asubuhi tulikuwa jikoni, yeye anakaanga chapati.

Nilimwonyesha kile Daktari alinionyesha mwisho. Nikatoa kioo chao ukutani. Nikamwambia tazama jicho lako la kushoto. Sasa la kulia. Rudi la kushoto. Umeona macho yako yakihama? Akajaribu, akajaribu. Akasema, "Hayahami. Yametulia tu." Nikamwambia yanahama, mimi nayaona hapa yakiruka kama panzi. Hakuamini. Tukabadilishana, mimi kwa kioo, yeye ananitazama. Akapiga kelele. "Ngai! Yanaruka kweli!" Na mimi kwa kioo sioni kitu.

Hakuna mtu duniani anayeweza kuyaona macho yake yakihama kwa kioo. Mwingine ndiye anaona. Tulicheka mpaka chapati ikaungua.

Nilikuwa na furaha. Mara ya kwanza tangu ile siku. Nikaanza kumweleza Kagendo jinsi Jumamosi nitasimama mbele ya wale watu niwaeleze habari ya ubongo, kwamba hata Mama Gakii hakuona kwa sababu hiyo hiyo, kwamba si makosa ya mtu, ni maumbile. Niliongea kama mwalimu kweli.

Kagendo akageuza chapati. Yeye ni mkubwa wangu, alinibeba mgongoni. Akasema, "Sawa. Macho ni hivyo. Lakini ulimwambia aende ama hukumwambia?"

Sikuwa nimemwambia hiyo sehemu. Sijui alijuaje. Labda nilivyoiruka.

Nikasema kuku wako wameingia kwa shamba la mboga. Nikatoka nje.

Ijumaa, 14 Machi

Nyumbani.

Kutoona kwangu sasa kuna sababu. Hata Mungu hawezi kuniuliza juu ya hiyo. Nilidhani aibu itapungua. Haikupungua. Kumbe nilikuwa nimezifunga mbili pamoja nikidhani ni moja. Moja imefunguliwa Embu. Iliyobaki ni ile ya "aliingia mwenyewe", na hiyo haina daktari.

Pale hakuna ubongo ulionizibia kitu. Nilisikia vizuri, nikajua vizuri, nikasema.

Kesho Kiirua. Naogopa. Nikisema, kazi imekwisha. Gitonga hatanivumilia hata siku moja. Kesi itanigeukia mimi. Kanisa litajua nilisimama kupigiwa makofi. Nikinyamaza, Mugambi anachukua pikap.

Nkatha amenipigia pasi shati jeupe. Hajui ni la nini.

Jumamosi, 15 Machi

Niliifanya vibaya, lakini niliifanya.

Nyumbani kwa Mama Gakii. Viti vya kukodi, wazee wa ukoo, Mugambi katikati na kofia yake. Mama mkwe wake, mzazi wa Mugambi, aliketi kwa kiti cha chini karibu na mlango, mzee sana, blanketi mabegani. Mama Gakii anatuandalia sisi uji. Anatuhudumia wote, mimi pia. Alinipa kikombe kwa mikono miwili. Pikap iko pale uani chini ya turubai.

Mugambi akanikaribisha. Ati mtaalamu.

Nikasimama. Na nini kikatoka? Macho. Nilianza na macho! Nilieleza kuruka na kutua na kuziba. Niliwaambia wajaribu kioo. Wazee wengine walipendezwa, mmoja akaanza kumtazama jirani yake machoni. Niliongea muda mrefu. Nilijisikia nikiongea vizuri, na kadiri nilivyoongea vizuri ndivyo nilivyojua natoroka. Mugambi mwenyewe akaanza kukunja uso, hii haikuwa ile hotuba aliyoagiza.

Yule mama mkwe akainua mkono. Akasema kwa Kimeru, taratibu, hata hakuwa na hasira:

"Mwanangu, ya macho tumesikia. Sasa tuambie ya mdomo."

Kumbe alijua nini? Hakujua kitu. Au alijua kama Kagendo. Nikasikia uji ukitokota jikoni.

Nikasema. Nikasema aliniuliza, kama anavyouliza kila mahali. Nikasema nilitazama mimi, nikamwambia twende mimi. Nikasema breki ya pili ilikuwa chini ya mguu wangu na sikuikanyaga. Nikasema nilimwambia afisa uongo, nikamwambia na Mugambi uongo mwingine, na ukweli ni kwamba huyu mama anaweza gari na nimejua anaweza tangu mwezi uliopita. Sikulia. Nilitaka kulia lakini ningekuwa najiombea huruma.

Mugambi akaruka. "Hata hivyo! Mikono iliyokuwa kwa usukani ni ya nani?" Mama yake akamwambia keti. Akaketi, mtu mzima na kalamu yake mfukoni.

Halafu Mama Gakii. Alikuwa amesimama mlangoni na sufuria. Nilingojea anitukane. Ningeshukuru.

Akasema, "Nilikusikia ukisema twende. Lakini ulipomwambia afisa kwamba hukusema, nikafikiri nimesikia vibaya. Wewe ni mwalimu. Siku hizi zote nimekuwa nikijiambia, kichwa changu kimeharibika tangu Baba Gakii afe, nasikia vitu ambavyo havikusemwa. Nilikuwa nimeshaamini."

Akarudi jikoni.

Sitaandika zaidi leo. Waliamua ufunguo ubaki kwake mpaka afanye mtihani. Hiyo ni nzuri. Lakini lile neno. Yeye alisikia sawasawa, na mimi nikamfanya asiamini masikio yake mwenyewe. Mimi nilizibiwa kipande kidogo cha barabara. Yeye nilimfutia kichwa chake mwenyewe, siku baada ya siku, kwa kunyamaza tu.

Jumatatu, 17 Machi

Kituo cha polisi asubuhi. Yule afisa aliandika upya, anapumua kwa pua. "Kumbe mzee mzima ulinidanganya mchana kweupe." Nikasema ndiyo afande. Nitaitwa kortini. Mama Gakii ameondolewa kwenye kesi, jina lake limetoka.

Gitonga hakunikaribisha ndani. Tuliongea pale nje, wanafunzi wakisikia. Maneno aliyonipa ni yangu kabisa, siwezi kulalamika hata moja. Nimerudisha funguo za gari. Ubao ulikuwa umewekwa, vigari viko foleni.

Nilimwambia Nkatha yote, mchana, kwa shamba, yeye anapalilia. Hakusimamisha jembe. Mwishowe akasema, "Na mimi nilipiga makofi kanisani." Akaendelea kupalilia.

Alhamisi, 20 Machi

Sina la kuandika. Kanisani sitaenda Jumapili. Hapana, nitaenda. Nitakaa nyuma.

Jumatano, 26 Machi

Kimathi alikuja nyumbani. Hakutaka ndani, aliegemea geti. Ati wanafunzi wanamuuliza mbona Mwalimu Kirimi hayupo, na ni kweli kuna kitu cha macho? Nikafikiri amekuja kunicheka. Alikuwa amekuja kujifunza.

Tukatoka hadi kwenye makutano ya hapa kwetu, kwa miguu. Nikamwonyesha. Geuza kichwa, acha macho yatue kule mbali kwa mti. Sasa katikati. Sasa karibu, hapa kwa mtaro. Acha yatue, usiyafukuze. Upande ule pia. Alijaribu, akasema inachukua muda, gari la nyuma litapiga honi. Nikamwambia acha lipige.

Akauliza mtahini atasema nini. Nikamwambia sijui, na ni mara ya kwanza mimi kumjibu mtu hivyo kuhusu mtahini.

Murithi ametoka hospitali. Nilimpigia, nikamweleza ya macho, kwamba uso ulikuwa kwake na macho yalikuwa safarini. Halafu akasema, "Kwa hiyo mtu akinitazama sitajua tena kama ananiona." Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikamwambia apunguze mwendo kila mahali, hata akitazamwa. Ushauri mzuri sana kutoka kwangu.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua imeshika. Nilienda Kiirua kutafuta mbegu ya viazi, kwa vile sasa nina muda wa shamba.

Pikap ilikuwa sokoni. Bila turubai, imeoshwa, magunia yamepangwa nyuma. Nilisikia alipita mtihani juma lililopita. Alimaliziwa mafunzo na shule nyingine. Sikujua kama nigeuke nirudi au vipi. Nikasimama tu kwenye tope kama mtu aliyepotelewa na kitu.

Akaniona. Alikuja mwenyewe, akifuta mikono kwa leso, akanisalimia vizuri kabisa.

"Baba Mwenda," akasema. "Habari ya nyumbani?"

Muda wote ule aliniita Mwalimu. Kila makutano. Baba Mwenda ni jina langu pia, nina mtoto, watu wengi huniita hivyo. Nikamwambia nyumbani ni salama. Nikamuuliza ya kwake. Akasema salama.

Alikuwa na gunia moja limebaki chini. Nikashika upande mmoja, yeye akashika mwingine, tukaliweka. Akasema asante, akapanda, akaiwasha. Mvua ilikuwa inaanza tena. Nilienda kutafuta mbegu.